Bwawa la maji ya mvua mtaani: tulipunguze kabla ya masika au tuliache?

MkaziNjiaYaPangani

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya maji, ubishi sitaki maana tunao wa kutosha kwenye grupu la mtaa.

Sisi tupo Tanga mjini, njia ya kwenda Pangani, viwanja vilivyopimwa, nyumba kama 60 hivi. Aliyetuuzia alichimba bwawa upande wa chini kabisa, lengo lake maji ya mvua ya mtaa mzima yashuke kwa mitaro yakusanyike pale, afu yatoke taratibu kwa bomba la zege la inchi 24 kwenda kwenye mkondo unaoishia mikokoni. Akamaliza kuuza akaenda zake, bwawa likabaki la wote, na cha wote mnajua kinavyotunzwa. Kwa hatua za miguu ni kama mita 40 kwa 25, upande wa chini kuna tuta la udongo, na maji hayakauki hata kiangazi kama hiki.

Masika iliyopita maji yalipanda yakaingia barazani kwa nyumba za chini, kuna mama alipoteza cherehani na kuku ndo usiseme. Sasa saivi mwisho wa Februari, kaskazi bado inavuma, jua la kufa mtu, lakini Machi hiyoo inabisha hodi na kamati imegawanyika. Kundi la kwanza linataka tuchange tukodi pampu tulikaushe bwawa kabla mvua haijaanza, kuna mwingine amefika mbali anasema tulete kijiko tukate tuta maji yaondoke yenyewe tumalize kazi siku moja, eti amerushiwa video na ndugu yake ya Florida kule Marekani wanashusha maziwa ya mitaani kabla ya kimbunga. Kundi la pili linasema bwawa ni bwawa tu, mvua ya Mungu haizuiliki, waacheni watu na hela zao.

Mimi niko katikati. Kiakili kundi la kwanza linaingia akilini, ukitoa maji unapata nafasi ya maji mengine si ndio? Ila kitu kinaniambia haiwezi kuwa rahisi hivo. Kama kuna injinia au mtu aliyeshaishi na bwawa la namna hii aseme ukweli, na kama kuna la kufanya na hela kidogo kabla ya masika ni lipi la kuanza nalo. Nawasilisha.

koleo_na_sururu

Zibueni mitaro kwanza hayo mengine baadae. Mtaa wa kwetu Mabawa kila mwaka vikao vinaanza Januari mpaka mvua inatukuta kwenye ajenda namba mbili 😂

InjiniaWaMitaroni

MkaziNjiaYaPangani, kabla ya pampu tuweke hesabu mezani kwanza, ni hesabu za darasa la tano usiogope.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. TMA, wale wa hali ya hewa, wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya masaa 24. Chukua siku mbaya ya milimita 80. Nyumba 60 na barabara zake nakukadiria hekta 6, hapo mvua imemwaga mita za ujazo 4,800. Ardhi itakunywa kiasi, tuseme nusu, zinakuja bwawani 2,400. Sasa bwawa lako la 40 kwa 25 ukilishusha nusu mita nzima umepata nafasi ya mita za ujazo 500. Yaani umekodi pampu, umenunua petroli, umekesha, na mvua inaijaza hiyo nafasi hata robo ya shughuli yake haijafika. Pampu yenyewe ya inchi 3, hii ya wakulima wa bustani, ikiwa mpya inasukuma kama mita za ujazo 60 kwa saa, ya kukodi inayovuta tope kata nusu, piga mwenyewe utaona ni kutwa nzima mpaka usiku.

Sisemi kushusha ni bure, hizo 500 zinaweza kuokoa baraza la mtu. Nasema sio la kuanza nalo. Bwawa kama lenu halikuchimbwa limeze mvua yote, limechimbwa liicheleweshe, maji yanaingia kwa fujo yanatoka kwa adabu. Kwahiyo roho yake ipo kwenye kutoka. Bomba la inchi 24 likiwa wazi linatoa maji mengi sana, likizibwa nusu na chupa na makuti na mapampasi hata ungekuwa na bwawa mara mbili lingejaa tu. Nenda kaangalie mdomo wa bomba leo hii kabla hujaongea na kamati. Upo wavu wa nondo? Umeshikwa na nini? Na upande wa pili linapotokea bomba, mchanga umepanda mpaka wapi? Watu wengi wanasafisha mbele wanasahau nyuma, maji yanaingia vizuri yanakutana na ukuta wa tope.

Cha pili tafuta utoro wa maji. Kwenye tuta lazima kuwe na sehemu moja ya chini kidogo kuliko kwingine, imejengewa mawe au zege, maji yakizidi nguvu ya bomba yapite hapo bila kupanda juu ya tuta. Hiyo sehemu iwe wazi muda wote. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake linakatika, na hiyo ndo namna matuta mengi ya udongo yanavyokufa, likianza kulika halirudi nyuma, na hapo maji yanayoshuka sio ya mvua tena ni bwawa zima kwa mpigo kwa jirani wa chini.

Cha tatu tuta lenyewe. Tembea juu yake na chini yake upande mkavu. Mashimo ya panya buku, vichuguu vya mchwa, na nyie mlio karibu na mikoko angalieni mashimo ya kaa, wale wanachimba kuliko kijiko. Miti mikubwa iliyoota kwenye tuta pia shida, mizizi ikioza inaacha njia za maji. Ukiona maji yanavuja upande mkavu tazama rangi, yakiwa meupe fuatilia tu kwa makini, yakiwa ya tope maana yake yanatoka na udongo wa ndani ya tuta, hapo ita mtaalamu siku hiyohiyo na watu wa chini wapewe taarifa.

Mkishafanya hayo ndo mje kwenye kushusha maji, na mkishusha msitoe kwa pupa, mafundi wengi hushauri sentimita 15 mpaka 30 kwa siku, basi. Kingo zimelowa mwaka mzima, maji yaliyokuwa yanaziegemea ukiyaondoa ghafla zinaporomoka zenyewe ndani ya bwawa.

Na huyo wa kukata tuta na kijiko mnyang'anyeni funguo.

nduguYaMarekani

Mimi ndo wa video 😅 sasa injinia mbona wale wanashusha? nimeona kwa macho mageti yanafunguliwa maji yanaondoka siku mbili kabla ya kimbunga, nao hawana akili?

InjiniaWaMitaroni

Wana akili sana ndugu ila angalia geti ni la nani. Florida ya kusini mifereji imepangwa kwa ngazi tatu. Mifereji mikubwa inaendeshwa na mamlaka ya maji ya ukanda ule, hao ndo wenye mageti makubwa na mapampu na wanaweza kushusha kabla ya kimbunga kwasababu wanaona mfumo mzima mpaka baharini. Ya katikati ni ya halmashauri na bodi za mifereji. Ya mwisho ndo mabwawa ya mitaani kama la kwenu, na hayo mengi yana ukuta wa zege wenye kimo kilichowekwa kwenye kibali, mwenye mtaa haruhusiwi kuuchezea. Kazi yake yeye kabla ya msimu, ambao kwao unaanza Juni 1, ni kusafisha nyavu na mabomba, kukagua kingo, kutoa matawi yasielee yakaziba. Yaani ileile niliyomwambia jamaa hapa. Na kule kuna mitaa imebuniwa barabara ishike maji kwa masaa ili nyumba zisishike, mtu akiona barabara imejaa anapiga kelele kumbe mfumo unafanya kazi.

BamvuaKubwa

Yakhe mmesema yote mmeisahau bahari. Jamaa kasema mkondo unaishia mikokoni, sasa mimi mvuvi sijui hekta ila maji ya chumvi nayajua. Bahari ikijaa ule mdomo wa mkondo unazibwa na bahari yenyewe, hapo hata bomba liwe safi vipi maji ya mvua hayana pa kwenda, ni kumimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Sikiliza vizuri mwenye mada. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo ndo maji yanapanda sana. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa mida ya saa kumi kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana. Na bamvua kubwa za mwaka ndo hizi za mwezi wa tatu, na nyingine mwezi wa tisa, sasa ya mwezi wa tatu inakutana na masika yenu mlango mmoja. Hiyo mvua iliyoingia kwa mama wa cherehani muulize ilikuwa saa ngapi na mwezi ulikuwaje, nadhani utapata jibu.

Kwahiyo mkitaka kushusha maji yashusheni maji yanapokupwa, sio mnawasha pampu saa kumi jioni ya bamvua mnasukuma maji yanarudi. Na kama kwenye mdomo wa chini hamna kile kilango cha bawaba kinachofungwa na maji ya bahari yenyewe na kufunguliwa na maji ya mvua, ulizeni mafundi wa kuchomelea watengeneze, ila kiwe cha kukaguliwa mara kwa mara maana chaza zikiota kwenye ukingo wake hakifungi tena, kinabaki pambo.

Jengine, msije mkasikia mkondo umeziba mkaingia na mapanga kukata mikoko. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kibali kinatoka kwa watu wa misitu TFS, mtatoka kwenye mafuriko muingie kwenye kesi.

koleo_na_sururu

Mvuvi umeua 🔥 hii ya mwezi wa tatu sikuiwaza kabisa

MamaWawili_Tanga

Hodi humu wanaume mnaongea mabomba tu. Mwenye mada bwawa lina uzio? Kwetu tulikuwa na shimo la namna hiyo na kila mvua ikinyesha watoto wanaenda kuogelea wakitoka madrasa, wazazi tunajua wako kwa jirani. Bomba la kutolea maji likiwa linavuta chini ya maji lina nguvu mtoto hawezi kujinasua na hata mtu mzima. Semeni na watoto kabla ya mvua, wekeni kamba na kibao japo cha mkono, na kitu kingine muhimu, mvua ikishaanza ASIINGIE MTU majini kuzibua wavu, hata awe baharia. Unakuta baba anajifanya shujaa anaingia mpaka kifuani anatoa takataka, zile takataka zikitoka tu maji yanamvuta yeye yanambana kwenye nondo. Mzibue kabla, na kama lazima wakati wa mvua basi mtu asimame ukingoni na reki ya mti mrefu na mwenzie amemshika kwa kamba. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114 iandikeni kwenye grupu sasa sio siku hiyo.

La mbu nalo. Kila kikao cha bwawa lazima atokee mtu aseme tumwage oil chafu. Msimwage jamani, inaua samaki na vyura wanaokula viluwiluwi vya mbu na mvua ikija inaenda yote mikokoni kwa akina BamvuaKubwa. Pale Kibaha kuna kiwanda kinatengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, ya kibaiolojia, muulizeni afisa afya wa kata namna ya kuipata. Na yale madimbwi madogo yanayobaki pembeni bwawa likishuka ndo yana mbu kuliko bwawa lenyewe, mbu anahitaji wiki moja na zaidi kidogo tu toka yai mpaka kuruka, dimbwi likikauka ndani ya siku tatu hana lake. Kwahiyo mkishusha maji nusunusu mkaacha vidimbwi mmefuga.

MkaziNjiaYaPangani

Wakuu mmenifungua macho sana. Jana jioni nimeshuka mwenyewe na jirani yangu tukiwa na tochi na fyekeo, maana majani yamenipita kimo, na nimeona mambo.

Mdomo wa bomba una wavu wa nondo kweli, ila juu ya nondo mtu amefunga CHANDARUA. Chandarua cha mbu kabisa, kimefungwa kwa waya kuzunguka, na kimejaa majani ya mwembe na mifuko mpaka kimekuwa ukuta. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 nilidhani imekwisha kumbe yote imehamia huku. Afu kwenye tuta kuna sehemu imejengewa mawe kama mita tatu hivi, nikasema aah huu ndo utoro wa injinia, juu yake kumepangwa viroba vya mchanga safu mbili. Nimeuliza nikaambiwa kuna vijana wa mtaa wamepandikiza perege, chandarua ni samaki wasitoroke na viroba ni maji yakae juu. Maji yanatakiwa yatoke sehemu mbili na zote mbili zimezibwa! Na sisi kamati tunabishana pampu.

Kuhusu bahari, nimemuuliza mama wa cherehani anasema maji yaliingia jioni karibu na magharibi, mwezi hakumbuki. BamvuaKubwa nimekuvulia kofia.

Upande wa chini bomba linapotokea mchanga umefika nusu ya mdomo. Ni mchanga wa ujenzi mwingi, watu wanamwaga tripu za mchanga barabarani mvua inausomba wote mtaroni.

perege_investa

Nimeletewa hii linki na mtu, mimi ni mmoja wa hao vijana. Mtusikilize na sisi basi. Bwawa lilikuwa limekaa bure na majani, sisi ndo tunafyeka upande wa juu na tunafukuza watoto wasiogelee, hakuna aliyetusemesha miaka yote mpaka leo imekuwa sisi ndo wa mafuriko. Samaki wanakula viluwiluwi mama hapo juu amesema mwenyewe. Tukitoa chandarua mtaji wote unaenda baharini nani anatulipa?

InjiniaWaMitaroni

perege_investa kaka sikulaumu, na kweli bwawa lenye mtu wa kuliangalia kila siku ni bora kuliko la kamati. Ila viroba vitoke na havisubiri kikao. Zile safu mbili za viroba zimepandisha kimo cha maji karibu na juu ya tuta, mvua kubwa ikija maji yatapita popote yanapopenda, tuta likikatika samaki wanaondoka wote na baraza za watu zinaondoka nao. Ukitoa viroba unapoteza maji ya juu, samaki wanabaki.

Chandarua nacho kitoke, ila tunaweza kukupa kitu. Mbele ya mdomo wa bomba, mita mbili tatu ndani ya bwawa, jengeni uzio wa nusu duara wa waya wa matundu makubwa kama ya inchi mbili, mrefu kuzunguka, maji yapite kwenye eneo kubwa badala ya kwenye mdomo mdogo. Wadogo watapita, wakubwa watabaki. Uzio usiguse bomba, na uwe na upande wa kufungua haraka ukijaa. Na vuneni waliokua sasa hivi kabla ya Machi, mvua za kwanza zinashuka na tope na uchafu wa barabarani, samaki hufa kwa wingi maji yakibadilika ghafla hivo, sio mafuriko tu adui yenu.

MkaziNjiaYaPangani, mchanga wa chini kwenye mdomo wa bomba utolewe wote na upelekwe mbali, msiurundike juu ya ukingo maana mvua ya kwanza inaurudisha. Kutoa tope la bwawa zima achana nako mwaka huu, hiyo ni kazi ya kiangazi kirefu, Julai mpaka Septemba, saivi mkianza mtakutwa na mvua mkiwa na kingo zilizochokonolewa. Afu pale maji ya mitaro yanapoingilia bwawani chimbeni kashimo kapana ka kunasa mchanga kabla haujaingia ndani, ndo kawe kanasafishwa kila mwaka.

MtotoWaBarabaraYa12

Sasa hela inatoka wapi? Maana hapa naona koleo, waya, bawaba, afisa afya, injinia. Nyumba za juu hazipati mafuriko na wala hawatachanga nawajua watu wa Tanga mimi ni wa Tanga. Bora mfukie hilo bwawa mpate kiwanja cha mpira.

MkaziNjiaYaPangani

Kaka ukilifukia yale maji ya nyumba za juu yatapita sebuleni kwa nyumba za chini moja kwa moja, si ndo yanayojaza bwawa. Na hao wa juu ndo wenye paa kubwa na paving, maji mengi yanatoka kwao. Hoja yangu kwenye kikao itakuwa hiyo, mchango uende kwa nyumba zote maana maji ni ya nyumba zote.

Ila nimepiga hesabu ya kazi ya mwanzo hela karibu hamna. Kutoa viroba ni mikono, kutoa chandarua ni mkasi, mchanga wa mdomo wa chini ni msaragambo wa asubuhi moja, watu ishirini na matoroli. Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa amekubali kutangaza, na mtendaji atawaandikia TARURA, wale wa barabara za mijini na vijijini, kuhusu kalavati la barabarani kule chini maana lile sio letu kuligusa, naona nalo limekaba. Pia amesema kama tutataka kubadilisha kimo cha utoro au bomba tusijifanyie, kuna watu wa bodi ya maji ya Bonde la Pangani wa kuulizwa kwanza, nao ndo wanasimamia hadi mito ya Zigi na Mkulumuzi.

Pampu nimeiweka pembeni. TMA wakitoa angalizo la mvua kubwa, zile taarifa zao za siku tano, na bwawa likiwa bado juu tutashusha kidogo kwa bomba lenyewe likiwa wazi, maji yakikupwa, baada ya kuwapigia simu wale wa chini. perege_investa nimekutafuta inboksi, nyinyi tunataka muwe ndo waangalizi wa wavu, kamati iwalipe kitu kidogo kila mvua, mjadiliane bei na mweka hazina sio na mimi 😂

perege_investa

Hapo sawa mkuu. Viroba tunatoa kesho. Samaki tunavua Ijumaa, anayetaka wa mchuzi atangulize oda, watu wa kamati hakuna cha bure.

MamaWawili_Tanga

Niwekee kilo mbili, na usiniletee vidagaa.

BamvuaKubwa

Mwenye mada huo msaragambo mmepanga Jumamosi ipi? Angalia mwezi kwanza. Ukiwa Jumamosi ya bamvua, ile saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali na mdomo wa bomba uko mkavu mnafanya kazi raha mstarehe mpaka saa saba. Ukiwa maji mafu mtafika saa nne mkute maji ndo yamejaa, na hata yakitoka hayatoki sana, mtachota mchanga ndani ya maji watu wakate tamaa warudi nyumbani. Waambie waje na mabuti sio ndala, kule chini chaza zimeshika kwenye mizizi ya mikoko zinachana mguu kama wembe, na mtu mmoja abebe spiriti na bandeji.